Nusu Ndoo ya Mjomba Lazaro

Saa mbili asubuhi Dorkas aliweka kompyuta mpakato juu ya meza ya ofisi ya kisima, pale Mkiwa, akaanza kusakinisha kifurushi cha zana za kutengenezea programu za kampuni iliyomwajiri. Ulikuwa mwaka wa pili tangu kisima kibinafsishwe kwa kampuni hiyo na wanakijiji waanze kuitwa wateja. Kijisanduku kilichofungua na kufunga bomba kilikuwa na mfumo wa Linux ndani, ila kilikuwa kidogo mno kujitengenezea programu. Ilibidi itengenezwe kwenye kompyuta, kwa kompaila, yaani kitafsiri cha mistari ya programu kuwa lugha ya mashine, iliyokijua kijisanduku hicho, kisha ihamishiwe huko, kama chakula kinavyopikwa nyumbani kikapelekwa hospitali.

Nje, mama yake, Felista, alisimama na ndoo tupu. Mjomba Lazaro alikuwa amelala nyumbani kwao tangu alipofariki jana, hajaoshwa, na maziko yalikuwa saa saba. Zamani nyumba yenye msiba ilichota kwanza, bila kuulizwa. Programu ya kampuni ilijua kadi za malipo tu, na kadi ya Felista ilikuwa imefungiwa.

“Shikamoo, mama. Vumilia kidogo.”

“Marahaba. Nivumilie mimi, au avumilie marehemu?”

Dorkas aliona aibu. Meneja, Bwana Enock, alikuwa njiani kutoka Manyoni, na kazi ingeweza kuota mbawa siku hiyohiyo. Hata hivyo aliongeza mstari mmoja: nyumba yenye msiba ifunguliwe maji. Kwa haraka akafunga dirisha la kuandikia amri alilokuwa akilitumia, akafungua jingine, akasahau kupakia upya mipangilio ya kifurushi. Basi ikafanya kazi kompaila ya kompyuta yenyewe, na programu ikatoka ya kompyuta, si ya kijisanduku. Akaiendesha palepale.

Bomba la nje halikutikisika. Maji yalitoka kwenye kibodi ya kompyuta, kati ya herufi G na H, membamba, baridi, yenye chumvi kidogo kama yale ya kisimani.

“Leta ndoo, mama.”

Felista aliikinga. Mwanamke mmoja wa kwenye foleni alichungulia, akauliza kama haya nayo ni ya kuchemsha.

Ndoo ilipofika nusu, gari la Enock lilisimama mlangoni. Aliingia, akachovya kidole, akaonja, kisha akasoma kioo cha kompyuta.

“Mstari huu umeuandika wewe?”

“Ndiyo, bosi.”

“Ufute.”

Dorkas alimtazama mama yake, akaufuta. Enock akaleta kisoma kadi kutoka garini, akakifunga kwa skrubu pembeni mwa kioo hicho. Felista aligusisha kadi yake, taa nyekundu ikawaka, maji yakakatika. Akajitwika nusu ndoo yake akaondoka, hakuaga.

Nyumbani walimwosha Lazaro uso, mikono na miguu, maji yakaishia hapo. Dorkas hakuwahi maziko. Enock alikuwa amempandisha cheo papo hapo, na msimamizi wa visima viwili, cha nje na cha mezani, haruhusiwi kutoka kabla ya saa kumi.