Siku Tisa za Kunong'ona

Yusto alikuwa mpiga tarumbeta wa kanisani, mtu wa makelele tangu utotoni, na pale Mahongole hakuna aliyewahi kumsikia akinong'ona. Basi mwone sasa: amesimama zizini, kajiziba mdomo kwa kofia, machozi yanamlengalenga.

Pendo, ng'ombe wake mtamba mwenye mimba ya kwanza, alikuwa amekakamaa. Miguu imepanuka kama ya kigoda, mkia umenyooka, taya zimebana. Na aliyemponza ni Yusto mwenyewe. Wiki mbili nyuma alimkata pembe kwa msumeno wenye kutu, eti kazi ndogo hii, mtaalamu wa nini!

"Ni pepopunda, baba," alinong'ona Lightness, daktari wa mifugo kutoka Makambako mjini, alipokwisha kumchoma sindano na kusafisha kidonda. "Kwenye ubongo na uti wa mgongo kuna asidi amino inayoitwa glisini. Ndiyo inayoiambia misuli: basi, legea. Sumu ya kidonda imeizuia isitoke, misuli inakaza tu. Kelele kidogo, inakaza zaidi. Mpeni giza na kimya. Akianguka akashindwa kuinuka, tumempoteza."

Jioni wanajumuiya wakaja kuwapa pole, wimbo wameshauanza njiani. Yusto alitoka mbio pekupeku, mikono juu.

"Jamani, imbieni moyoni!"

Mkewe, Cresensia, alicheka bila sauti mpaka akakaa chini. "Baba Timoth, kumbe breki unazo!"

Siku nane walimwinulia Pendo ndoo ya uji wa pumba, akifyonza kidogo kidogo, huku Yusto akimwomba radhi sikioni.

Asubuhi ya tisa akafungua mlango. Pendo yuko chini.

"Nimemuua, mama Timoth," akasema. "Nimemuua mimi."

"Hebu tazama miguu," akasema Cresensia.

Ilikuwa imekunjwa. Hakuanguka, alijilaza mwenyewe! Pendo akageuza shingo, akainua makalio, akasimama, akajinyoosha, akaenda zake kwenye majani.

Yusto akamkumbatia mkewe mchana kweupe, majirani wakichungulia uani, jambo ambalo wanaume wa pale hawalifanyi.

"Hukunilaumu hata siku moja," akasema.

"Ningekulaumu saa ngapi, mume wangu? Ulishajilaumu ya kututosha sote."