Aprikoti za Wendell

Kila Agosti wazee waliopigana Vietnam pamoja na mume wangu Delbert hujazana nyumbani kwetu hapa Ohio, na mimi hufurahi kuliko wao. Nachoma nyama, nachemsha mahindi, nawasikiliza wakirudia yale yale: mvua, matope, redio iliyoshika muziki usiku, na gari lao la deraya walilolipenda kama mke.

Mwiko wetu ni mmoja tu: aprikoti, yale matunda madogo ya rangi ya chungwa yanayouzwa kwenye makopo. Kule vitani waliamini kwamba ukila aprikoti karibu na gari la deraya, lazima lipigwe. Mpaka leo Delbert hapiti hata mbele ya rafu yake dukani.

Asubuhi moja kule vitani Wendell Tackett, dereva wao, alikutwa na kopo tupu la aprikoti. Mchana gari likakanyaga bomu, akafa Lonnie, kijana kuliko wote. Delbert ndiye aliyekuwa sajenti. Akamwambia Wendell, "Umemuua wewe." Tangu warudi, Wendell hakuonekana tena.

Mwaka huu nilimpata kwa umbea wangu. Dada yake anatengenezwa nywele kwa binamu yangu. Nikampigia simu, akaja. Lakini akaegesha pikapu yake barabarani, akabaki ndani, mikono kwenye usukani.

"Shemeji, yule anangoja ruhusa ya kuvuka mto?" Tito Baca, mmoja wa wale wazee, akauliza dirishani.

"Anamngoja sajenti wenu."

"Mlango anauona," Delbert akanung'unika, macho kwenye sahani.

"Mume wangu, kumwita nimemwita. Akiondoka leo ndiyo basi. Nani kati yenu bado kijana?"

Mwenzao Orrin, ambaye huwa haongei, akasema, "Del, bomu lile lilifukiwa kabla Wendell hajashika kijiko."

Delbert akainuka, akatoka kwa mlango wa nyuma. Nikadhani amesusa. Kumbe alikwenda kwa jirani. Akarudi na kopo.

Tito akaruka kama ameona nyoka. "Wewe mzee, una wazimu? Usiingize hilo humu!"

"Siliingizi."

Akaenda kwenye pikapu, akaketi kando ya Wendell, akafungua kopo. Mimi huyo, nyuma yake, nikijifanya namwagilia maua. Akatia moja mdomoni, akatafuna taratibu.

"Kumbe ndiyo haya," akasema. "Matamu."

"Lonnie alisema hivyo hivyo," Wendell akajibu.

Delbert akaacha kutafuna. "Lonnie alikula?"

"Kopo lilikuwa lake. Alinipa nusu. Akaniomba nisikwambie, alikuogopa sana."

"Na ukanyamaza miaka yote hii?"

"Ningesemaje, Sajenti? Mwenyewe hakuwepo kujitetea."

Delbert akafunika uso kwa mkono wake mkubwa. Wendell akamshika bega. Kisha mume wangu akasema, "Shuka, ndugu yangu. Nilikukosea. Twende ukale."

Wakaingia. Wendell aliniuliza pa kunawa mikono, na kabla haijakauka, wote walikuwa wakigombania kusimulia jinsi Lonnie alivyokoroma, alivyoimba vibaya, alivyoiba soksi. Nyumbani kwangu jina lile lilikuwa linanong'onwa tu. Siku ile walilipigia kelele mpaka majirani wakachungulia.