Makopo Matatu ya Udongo

Asubuhi ile mama alichota uji kwa kijiko, akautazama, akaurudisha bakulini. Vijidudu vyeusi, vidogo kuliko punje za ulezi, vilikuwa vikielea juu. Alivitoa kimoja kimoja kwa ncha ya kidole, kisha akamnywesha Wangwe, mdogo wangu ambaye hakuwa ametimiza mwaka.  Baba alikuwa akimtazama.

"Regina, toa makopo hayo nje."

"Mbuzi watakula maua."

"Wayale."

Mama alinyanyuka, akaenda kuyamwagilia.

Yalikuwa makopo matatu ya mafuta ya kupikia, yamepangwa chini ya dirisha. Mwaka wa Operesheni, sabini na nne, lori lilipokuja Gorong'a kutuhamishia kijiji cha ujamaa, majirani walipakia vinu na mitungi. Mama alizunguka nyuma ya nyumba, kwenye kaburi la kaka yangu Mniko, aliyekufa kwa surua akiwa na miaka minne, akachimba kwa mikono. Alijaza makopo udongo, pamoja na yale maua mekundu yenye majani kama ya kitunguu aliyokuwa amempandia. Dereva alipiga honi mara tatu. Njia nzima mama aliyakumbatia makopo, na mimi nikampakata Wangwe.

Katika chumba chetu kimoja aliyamwagilia asubuhi na jioni, hadi udongo ukawa tope lenye harufu ya kisima kilichoachwa. Mwezi wa pili wadudu wakatoka. Ukipita karibu tu, wanainuka kama moshi. Waliingia kwenye maziwa, puani, na zaidi machoni mwa Wangwe, ambayo yalivimba yakatoa usaha. Mama alifukiza samadi kavu. Alitandaza majivu. Alinyunyiza maji ya tumbaku. Walipotea siku mbili, wakarudi.

Filemoni, bwana afya wa kijiji, alikuja kukagua vyoo, akaingia kumtazama mtoto. Aliyaona makopo, akamwita mama kwa jina langu.

"Mama Mokami, hawa wanazaliana kwenye unyevu. Usimwagilie siku kumi. Udongo ukikauka wanakwisha wenyewe."

"Siku kumi?"

"Kumi tu, mama."

Alipoondoka, mama aliinamia kopo la katikati. "Mura wangu akae na kiu siku kumi?" alisema. Mura, kijana, ndivyo alivyozoea kumwita Mniko.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Usiku nilimsikia baba akisema kwamba kesho yake jioni angeyatupa makopo mtoni, na kwa sauti yake nilijua hatanii. Nikawaza kwamba wadudu wakifa, baba atatulia, macho ya Wangwe yatapona, na mama atabaki na maua yake. Kulipokucha nilifuatana na ng'ombe wetu hadi joshoni. Mlinzi alipogeuka kumkamata ndama, nilichota dawa ya kuua kupe kwa chupa ya soda, nikaificha ndani ya kanga. Mama akiwa kisimani, niliigawa sawasawa katika makopo yote matatu.

Jioni wadudu walikuwa wametapakaa sakafuni kama masizi. Nilifagia kwa furaha. Mama aliingia na ndoo kichwani, akasimama mlangoni, akanusa. Hakuna mfugaji asiyeijua harufu ya josho. Alitua ndoo, akapiga magoti, akatia kidole kwenye udongo.

"Wadudu wamekufa, mama," nilimwambia.

"Ndiyo," alisema. "Wamekufa."

Siku ya nne majani yalilala. Wiki iliyofuata vitunguu vya maua vilioza, na baba, bila kufoka tena, akachimba shimo mbali na nyumba akafukia udongo na vitunguu vyote ili kuku wasidonoe. Macho ya Wangwe yaliendelea kuvimba. Jicho la kushoto lilikuja kupofuka.

"Tutaleta udongo mwingine," nilimwambia mama kila nilipomkuta ameketi bure. "Gorong'a si mbali sana."

Mwaka uliofuata, baada ya palizi, alipata ruhusa ya siku mbili kwa balozi wetu wa nyumba kumi, tukaenda kwa miguu. Hatukuipata nyumba wala kaburi. Tulikuta mahindi, mazuri, marefu kunishinda, yamepandwa kwa mistari kutoka barabarani hadi kwenye mkondo wa maji. Trekta lilikuwa limesawazisha kila kitu. Mama aliingia katikati ya mahindi, akahesabu hatua, akatoka, akaingia tena kwa upande mwingine. Mzee mmoja alikuwa akipalilia. Nilimwamkia shikamoo, nikamuuliza kama anakumbuka palipokuwa nyumbani kwa Nashoni, baba yangu.

"Marahaba, binti. Mimi nimeletwa huku mwaka huu," alijibu. "Nilikuta shamba."

Mama alikuwa amebeba kopo tupu kwenye kikapu. Aliinama, akashika bonge la udongo, akalitazama kwa muda mrefu, akaliachia lianguke. Tulikaa ukingoni mwa mahindi. Nilitaka kumwambia habari ya chupa, ingawa alikwisha kuijua, ili tu awe na la kunijibu.

"Una njaa?" aliniuliza.

Nikamwambia ninayo. Akafungua kikapu, akatoa viazi, akanimenyea.