Saa ya Kutoka, Saa ya Kurudi

Binti wa mlinzi wa kiwanda cha magodoro alikuwa akitoweka. Alikuwa na miaka minane, darasa la tatu, na alitoweka mara ishirini na kitu kwa siku. Hakukawia. Dawati lilibaki, daftari lilibaki, yeye hayupo. Ukihesabu mpaka kumi na mbili, amerudi palepale, kalamu mkononi, anauliza wenzake wamefika wapi. Wenzake walimwita Umeme. "Umekatika!" walipiga kelele, halafu, "Umerudi!"

Mwalimu wa darasa alimwita baba yake shuleni.

"Mzee, mimi sina ugomvi na mtoto kutoweka," alisema. "Ugomvi wangu ni kwamba haombi ruhusa. Nina watoto sitini na wanne humu. Kila mmoja akitoweka anavyotaka, nitafundisha madawati?"

"Nisamehe, mwalimu."

"Samaki mkunje angali mbichi. Kwangu ni viboko viwili kwa siku, kwa jumla. Nikisema kila mara anapotoweka, mkono utaning'oka."

Mlinzi alishukuru. Katika daftari la mahudhurio, mbele ya jina la mtoto, mwalimu alikuwa ameandika "mtoro".

Jirani alisema mtoto amedekezwa. Muuza duka la dawa alisema ni minyoo, akatoa dawa, minyoo ikatoka, mtoto akaendelea kutoweka. Mtu wa maombi alimwekea mkono kichwani. Katikati ya maombi kichwa kikaondoka, mkono ukabaki hewani. Alinyamaza kwa adabu, akasubiri, na kichwa kiliporudi chini ya mkono akaendelea pale alipoachia. Daktari wa macho alitoa miwani. Nguo za mtoto zilikwenda naye, kalamu pia, lakini miwani haikwenda. Kila alipotoweka ilianguka chini. Ilidumu siku nne.

Mlinzi mwenyewe alijua tangu siku ya kwanza.

Alikuwa na dada, aliyemtangulia kwa miaka minane na kumbeba mgongoni mpaka akajua kutembea. Dada huyo alikuwa akianguka. Alianguka jikoni, alianguka njiani, povu mdomoni. Mama yao alimtengea sahani ya bati, akaitoboa tundu ukingoni, akaitundika kwenye msumari wake nyuma ya nyumba. "Isichanganyike na nyingine," alisema. Dada alikula hukohuko nyuma, ameelekea ukuta. Siku moja alianguka bombani, kwenye foleni ya maji, na watoto wakamuuliza mdogo wake, "Huyu si wa kwenu?" Mdogo mtu alikuwa na miaka tisa. Alisema hamjui. Alijaza ndoo yake akaenda. Mwaka uliofuata dada alianguka kwenye beseni la kufulia akiwa peke yake, maji hayafiki hata kiwiko, akafa. Mke wa mlinzi aliambiwa ilikuwa malaria.

Jumamosi moja mchana mlinzi alikuwa akipaka rangi viatu vyake vya kazi. Mkewe, ambaye kazi yake ni kupiga pasi nguo za watu, alikuwa mezani na rundo la mashati. Mtoto alikuwa akikunja. Alitoweka na shati, akarudi na shati, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko na imejaa povu la sabuni.

"Shati la mtu hilo!" mama alisema. "Ulikuwa wapi?"

"Kwa shangazi. Namsaidia kusuuza."

"Shangazi yupi wewe?"

"Yule anayekula nyuma ya nyumba. Anasema hapendi kuinamia beseni peke yake."

Mama alimgeukia mumewe. Mlinzi alimaliza kiatu cha kushoto, akaanza cha kulia.

"Mtoto huyu ana maneno," alisema.

"Maneno hayatoi povu, baba watoto."

Akampa mtoto taulo, akaloweka shati upya.

Mama ndiye aliyeshikilia waende hospitali kubwa. Daktari wa huko alikuwa mtu makini. Alimpima mtoto uzito, akamgonga magoti kwa kinyundo, akauliza maswali mengi na kuyaandika majibu yote.

"Kwenye ukoo kuna mtu amewahi kuwa hivi? Au kuanguka, kupoteza fahamu?"

Wakati huo mtoto alikuwa ametoweka, kwa hiyo hakusikia.

"Hakuna, daktari," mlinzi alisema. "Ukoo wetu ni safi."

Daktari alitazama kiti kitupu mpaka kikajaa. "Nimeona mara moja," alisema, "na mara moja si ugonjwa. Nendeni mkaandike wiki mbili. Saa anayotoka, saa anayorudi, na alikuwa akifanya nini."

Hiyo ilikuwa kazi ya mlinzi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amekaa kwenye kibanda cha geti na daftari lenye safu nne: jina, saa ya kutoka, saa ya kurudi, sababu. Alichukua daftari jipya, akapiga mistari kwa rula. Siku ya kwanza aliandika mara ishirini na tatu. Siku ya pili ishirini na sita, siku ya tatu ishirini na mbili. Mlinzi akiwa kazini, mama aliandika kwenye vikaratasi naye akahamisha. Siku ya nne alifungua daftari kibandani, akaona kurasa zimejaa, akaona mtu yeyote mwenye akili timamu akizisoma atasema neno gani.

Wafanyakazi wa kiwanda walijua kwamba mlinzi huyu, ukimsalimia vizuri, hata ukichelewa anakuandika umewahi. Hakuhitaji kujifunza kitu kipya. Alichana kurasa tatu, akazikunja ndogo, akazitia chini ya soli ya ndani ya kiatu. Akaandika upya kwa kalamu ileile. Mara tatu kwa siku: saa mtoto anapotumwa kuosha vyombo, saa ya kazi ya shule, saa ya kwenda dukani.

Daktari alisoma wiki mbili zote, kidole kikishuka mstari kwa mstari.

"Umeandika vizuri sana, mzee. Wachache wanaandika hivi."

"Ndiyo kazi yangu, daktari."

"Anatoweka akitumwa tu. Huu si ugonjwa, ni ukaidi. Msimbembeleze."

Aliandika "ukaidi", akapiga muhuri. Mama alitaka kusema kitu kuhusu vikaratasi vyake, lakini karatasi ilikuwa imekwisha kupigwa muhuri, na mumewe alikuwa amesimama tayari. Mlinzi aliipeleka shuleni siku hiyohiyo. Mwalimu aliisoma, akasema yeye alijua tangu mwanzo ila hana muhuri, na viboko vikawa vinne.

Mlinzi alilala vizuri karibu wiki nzima. Baadaye karatasi za kwenye kiatu zilianza kumuumiza, akawa anachechemea getini. Alizihamishia kiatu cha pili. Hicho nacho kikauma.

Mtoto alirudia darasa la tatu. Alirudi kutoka kwa shangazi akiwa amesukwa nywele, mistari ya mtindo wa zamani ambao mama hakuujua na mlinzi aliujua. Mara nyingine alirudi amenawa miguu. Shuleni hakuwa na rafiki. Huko, alisema, ana mmoja.

Mwezi wa kumi na nne tangu muhuri, kiboko kilimpata mtoto kwenye kidole, kidole kikavimba. Wazazi wakampeleka zahanati ya karibu. Muuguzi alikuwa msichana mwenye haraka, foleni imefika barabarani. Alishika kidole, akaanza kufunga bandeji, kidole kikaondoka pamoja na mtoto. Muuguzi alitazama saa yake ya mkononi, bandeji ikining'inia. Sekunde kumi na mbili. Mtoto aliporudi, alimaliza kufunga.

"Kifafa," alisema, kama anayesema mafua.

"Haanguki huyu," mlinzi alisema haraka.

"Si kila kifafa ni cha kuanguka, mzee. Hiki ni cha kutoweka. Mara ngapi kwa siku?"

"Tatu."

"Ishirini na tatu," mama alisema. "Mimi nilikuwa naandika."

"Kina dawa. Na hakiambukizi, msije mkamtenga. Kuleni naye, laleni naye, mbusuni. Kwenye ukoo yupo mwingine?"

Mlinzi alitazama mizani ya watoto wachanga iliyokuwa pembeni.

"Yupo shangazi," mtoto alisema. "Shangazi anasema baba anamjua. Anasema siku ile bombani alimsikia. Alikuwa ameanguka lakini alikuwa anasikia."

Zahanati iliendelea na kazi. Mtu alikohoa kwenye benchi.

"Alisema nini bombani?" mama aliuliza.

Mumewe aliendelea kuitazama mizani. Mama akasema, "Mficha maradhi," na hakumalizia.

Mlinzi aliinama karibu na sikio la muuguzi. "Binti yangu, kwenye cheti huwezi kuandika kitu kingine?"

"Kama nini?"

"Hata utoro."

Muuguzi aliandika KIFAFA kwa herufi kubwa, kwa sababu mwandiko wake wa kawaida haukusomeka.

Dawa ilikuwa kidonge asubuhi, kidonge jioni. Wiki ya kwanza mtoto alitoweka mara tisa kwa siku, ya pili mara mbili. Wiki ya tatu alitoweka mara moja tu, Jumapili mchana, wakati wa kula, na hakutoweka tena. Alirudi ameshika sahani ya bati yenye tundu ukingoni, akaiweka mezani.

"Shangazi amesema mtaitafuta," alisema.

Mama aliiosha, akaiweka kabatini pamoja na nyingine. Ilikaa humo siku sita. Siku ya saba mama aliporudi kutoka kupeleka nguo, aliikuta nyuma ya nyumba, imening'inia kwenye msumari. Mlinzi alikuwa bado ana nyundo.

"Isichanganyike tu," alisema, bila kumtazama.

Majirani waliambiwa vidonge ni vitamini. Mwalimu hakuambiwa kitu. Kwa kuwa mtoto alikuwa haondoki tena, aliandika kwamba viboko vimesaidia.

Jumla ni hii. Miezi kumi na sita. Miwani moja. Darasa la tatu mara mbili. Viboko mia tisa na ishirini. Sekunde zote ambazo mtoto hakuwepo, kumi na mbili kwa kila mara, zikiunganishwa hazifiki siku mbili. Siku nyingine zote alikuwepo. Shangazi mmoja, ambaye sasa anafua peke yake. Na msumari mmoja wa inchi mbili, ambao haukununuliwa. Ulikuwa nyumbani tangu zamani.