Nesi Kasema Vizuri

"Simameni hapo hapo!" Mwongozaji aligonga kioo kwa pete yake. "Hawa watu hawapendani."

Upande wa pili wa kioo waigizaji wawili walishusha karatasi zao. Yule mwanamume, ambaye wenzake walimwita Sauti kwa kuwa hakujaliwa kingine cha kujivunia, alijifuta jasho la kipara. Ukimtazama alikuwa kitambi na viatu vilivyochoka. Redioni alikuwa mpiga picha mwembamba, na wanawake wa mji mzima walitamani kusimama mbele ya kamera yake.

"Mama, mimi nampenda huyu nesi," alilalamika. "Nimemwambia nakupenda mara mbili kwenye ukurasa mmoja. Unataka nipeleke na posa? Mke wangu atanichinja."

"Ndiyo maana sikuamini. Mtu anayepigiwa nakupenda mbili kwa ukurasa mmoja, huyo anaombwa kura."

Fundi mitambo aliangua kicheko. Mwandishi, aliyekuwa kwenye kiti cha pembeni na nakala yake mapajani, hakucheka. Zile nakupenda zote mbili zilikuwa zake. Alikuwa na stashahada ya uandishi wa michezo ya kuigiza, na tangu aanze kazi hakuna aliyewahi kumrudishia sentensi kwa kosa la lugha.

Mwongozaji aligeuza kiti chake kikalia. Alikuwa mama mtu mzima, na kituo kizima kilimwita Bibi Kimya kwa sababu ya neno alilolipigia kelele kutwa.

"Mwanangu," alisema, safari hii taratibu, "Kiswahili chako kinang'aa kama kioo hadi mtu anaweza kuchania nywele. Lakini hawa wawili wanaelezana tu. Wakubwa wanataka saa yetu waipe chemsha bongo. Nimewaomba wangoje mwezi uishe. Niletee kitu kidogo, kidogo hata mtu aone aibu kukitaja. Kitu ambacho huwezi kukaa mezani ukakibuni."

Mwandishi alirudi nyumbani na maneno hayo yakimkwaruza kama kokoto ndani ya kiatu. Alikaa kwenye meza ya jikoni, maana nyumba yao haikuwa na nyingine, akaandika, akafuta, akaandika. Mpiga picha alimletea nesi maua. Akamfuta. Mpiga picha alimsubiri nesi kwenye mvua. Akamfuta huyo naye, na mvua yake.

Alisimama kutengeneza kahawa. Alishika chupa ya kahawa ya unga kwa mkono wa kulia, ule uliovunjika kifundo alipoteleza kwenye ngazi zilizolowa na ambao haukuunga vizuri. Akagusa kifuniko. Kikazunguka kwa kidole kimoja.

Alibaki amekishika.

Kila kifuniko ndani ya nyumba ile kilikuwa hivyo. Cha sukari, cha chumvi, cha mafuta ya kupikia, hata cha mafuta yake ya nywele. Vyote vimefunikwa lakini havikukazwa. Tangu bandeji ilipotolewa, mumewe alivipitia kila asubuhi kabla hajaenda kazini, huku yeye akijifanya bado amelala. Hakuwahi kumwambia kwamba anasikia. Mumewe naye hakuwahi kusema kwamba anafanya. Jambo lile liliishi humo ndani kama mpangaji asiye na kelele.

Mumewe alikuwa fundi makochi. Karakanani walimwita Sponji, kwa kazi yake na kwa tabia yake: ukimbonyeza anabonyea, ukimwachia anarudi alivyokuwa. Si mtu wa maneno. Kuhusu michezo ya redio alishasema, "Bibie, mimi vitu hivyo sivielewi," na mkewe hakuuliza tena.

Mwandishi aliitazama karatasi. Haelewi, alijiambia, na karakanani kuna cherehani na nyundo, hatasikia. Akaketi. Kahawa ilipoa bila kunywewa. Aliandika nesi aliyeumia mkono, na mpiga picha anayelegeza vifuniko vya jikoni kwake kimyakimya, na nakupenda hakuna hata moja.

Waliporekodi, Bibi Kimya hakugonga kioo. Kurasa ziliisha. Fundi mitambo alipenga kamasi, akasingizia vumbi.

"Umekitoa wapi hiki?" Bibi Kimya aliuliza.

"Nimebuni," alisema Mwandishi.

Sehemu ile ilirushwa katikati ya wiki, jioni, saa ambayo watu wanapika. Siku hiyo mumewe alichelewa kidogo kurudi. Alipoingia alikuwa amenawa hadi kwenye viwiko, nywele zimechanwa, na amevaa shati ambalo mkewe hakulijua. Alivuta kiti, akakaa wima kama mtu aliyeitwa ofisini. Chakula hakukigusa.

"Leo karakanani," alianza, "watu walikuwa wanaongelea mchezo wako."

Mwandishi aliweka kijiko chini. Aliyaona macho yale yaliyomkazia akadhani ni hasira. Hakuna mwanamume, alijiambia, anayefurahi kuanikwa mbele ya mji kama nguo kwenye kamba.

"Wanasemaje?"

"Vile vifuniko. Wameulizana mtu anatoa wapi jambo kama lile." Akaweka mikono mezani. "Nikasema nitakuuliza."

Hapo ndipo Mwandishi angeweza kusema ukweli. Baadaye angerudi kwenye dakika ile mara nyingi, kama mtu anayerudi kutafuta funguo mahali pale pale alipokwisha kutafuta. Sahani ilikuwa inafuka moshi. Mikono ya mumewe ilikuwa mezani, viganja juu. Lakini pamoja na woga kulikuwa na kiburi: kitu bora kuliko vyote alivyowahi kuandika, na hakikutoka kichwani mwake. Hakutaka mtu ajue, hata yule ambaye kilitoka kwake.

"Ah, mambo ya kubuni tu," alisema huku akimsogezea chumvi. "Ndiyo kazi yangu. Nakaa hapa, nabuni."

Mumewe alitikisa kichwa polepole.

"Kumbe," alisema. "Una kichwa kizuri."

Akala. Akaosha sahani yake. Akalivua lile shati, akalikunja vizuri na kulitia kwenye mfuko.

Asubuhi Mwandishi alishika chupa ya kahawa, na kifuniko hakikusogea. Alijaribu cha sukari. Alijaribu cha mafuta. Vilikuwa vimefungwa kama vifuniko vya watu wengine wote duniani. Alikaa chini na mkono wake unaouma akajiambia, ana hasira, zitapita. Sponji hurudi.

Hazikupita, kwa kuwa hazikuwa hasira. Mumewe alimsalimia kama kawaida, akamuuliza kazi inakwendaje, akamnunulia mkate. Alikuwa mwema kwake kama mtu aliyepanga naye chumba. Nje, mji ulikuwa umechizika. Wanawake sokoni waliwauliza waume zao, "Wewe umelegeza nini leo, zaidi ya mkanda?" Barua za wasikilizaji zilijaa mezani kwa Bibi Kimya.

Jumamosi alikuja wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, mwanamke ambaye alianza kuongea akiwa ngazini ili akifika mlangoni awe ameshafika katikati ya habari.

"Wifi yangu, lete huo mkono niubusu! Shemeji yako kaanza kulegeza vifuniko. Jana kalegeza na cha mafuta ya taa, nyumba nzima inanuka kama gereji. Nimemwambia, baba, mapenzi yana mipaka."

Mwandishi alicheka kwa adabu. Wifi alijitupa kwenye kochi, akalipapasa mkono wake kwa ujuzi wa dada wa fundi.

"Na kaka yangu kulikoni? Nilidhani nitamkuta ananing'inia darini kwa furaha. Nimempita karakanani, kanuna kama jino linalouma."

"Kwa nini awe na furaha?"

"Si kwa ajili ya mchezo."

"Wifi, yeye hasikilizi redio. Anasema haelewi."

Wifi alimtazama kama mtu anayetazama mgonjwa. "Haelewi! Saa ya mchezo wako ikifika anazima cherehani, na atakayepiga nyundo anaitwa adui. Tangu sehemu ya kwanza. Karakana nzima inajua."

"Hajawahi kuniambia."

"Na wewe ulimwambia lini kuhusu vifuniko?"

Wifi, kwa mara ya kwanza pengine tangu azaliwe, alishusha sauti.

"Jioni ile alikuja kwangu kwanza. Kasimama mlangoni na vumbi la sponji kichwani, mtu mzima, anacheka kama mtoto aliyefaulu mtihani. 'Dada, ameniona. Kumbe siku zote alikuwa ananiona.' Akaomba maji anawe. Akaazima shati la mume wangu, maana lake lilinuka gundi. Nikamwambia, haya nenda, mwanamume, mkeo kakuita mbele ya mji mzima." Alikunja uso. "Kesho yake akarudisha shati bila neno. Alipofika hapa ulimwambia nini?"

Mwandishi alikuwa anaiona ile mikono mezani, viganja juu.

Jioni hiyo alikata shauri kusema. Alimngoja mumewe, akasikia hatua zake ngazini, akasimama katikati ya chumba. Mumewe aliingia. Mwandishi alifungua kinywa, na yeye ambaye hakukosa neno tangu utoto wake, alikosa.

"Umeshindaje?" aliuliza.

"Salama. Nawe?"

"Salama."

Usiku ukapita hivyo. Mdomo wangu haujui njia, alijiambia kulipokucha, lakini mkono wangu unaijua. Kama alinisikia redioni mara ya kwanza, atanisikia tena. Akakaa mezani akaandika yale aliyopaswa kuyasema. Nesi alisimama jikoni mbele ya mpiga picha akamwambia: "Nilijua. Kila kifuniko kilichonifungukia, nilijua mkono wako umenitangulia." Aliyapima neno kwa neno. Alibadilisha "umenitangulia" mara kadhaa, kisha akalirudisha.

"Hapo sasa wanapendana," alisema Bibi Kimya baada ya kurekodi, na macho yake yalikuwa mekundu. Wakubwa walihamishia chemsha bongo asubuhi. Sauti alimkumbatia Mwandishi na kitambi chake chote. Kila mtu alipongezwa.

Siku ya kurushwa, Mwandishi alikwenda karakanani, akasimama nje kwenye uwazi wa dirisha, nyuma ya fremu za makochi ambayo hayajavishwa. Wifi hakutia chumvi. Muziki wa mchezo ulipoanza, cherehani ilinyamaza, nyundo zikawekwa. Mumewe aliketi kwenye kigoda, sindano kubwa mkononi, ameinamisha kichwa. Nesi alifika jikoni. Nesi akasema. Mafundi walipiga makofi, mmoja akapiga mbinja. Mumewe alingoja kelele ziishe, akatunga uzi, akaendelea kushona.

Mwandishi alitangulia nyumbani. Aliweka maji jikoni, akatoa chupa ya kahawa, akaiweka katikati ya meza. Mumewe aliporudi alivua viatu mlangoni, akaitazama ile chupa, akamtazama mkewe.

"Nesi kasema vizuri," alisema.

"Ni mimi niliyesema."

"Hapana, bibie. Wewe umeandika." Hakupandisha sauti. Alivuta kiti akakaa. "Nilikuja hapa na shati la watu. Nilikuuliza. Hata ungeniambia ndiyo, ni wewe, basi, ningetosheka maisha."

"Niliogopa. Nilidhani umekasirika nimekuanika."

"Unianike? Nilitaka kupanda juu ya paa nijianike mwenyewe."

Mwandishi alivuta kiti karibu naye. "Nisikilize sasa. Nakuambia sasa. Nilijua. Kila asubuhi nilikuwa nakusikia. Kila kifuniko kilichonifungukia, nilijua mkono wako..."

Mumewe alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kama msikilizaji anayeujua wimbo na kungoja ubeti unaofuata.

"Umenitangulia," alimmalizia. "Ndiyo. Karakana nzima wanalijua hilo. Kuna mmoja ameshaanza kumwambia mkewe kwa simu."

Mwandishi alitafuta neno jingine. Alipekua kichwani kama mtu anayepekua nyumba ya kuhama, na kila alilolishika lilikuwa limekwisha kupigwa msasa, lina mng'aro, limepitia kwenye sauti ya mwanamke mwingine. Hakubaki na hata moja lililo ghafi.

"Sikutilii shaka," alisema mumewe. "Ila nikikusikia, sijui tena namsikia nani."

Maji yalianza kuchemka. Mwandishi aliinuka, akaishika chupa ya kahawa, akazungusha kifuniko. Maumivu yalimpanda hadi kwenye bega.

"Naomba unifungulie," alisema.

Mumewe alisimama mara moja, kwa adabu. Akafungua kwa mzunguko mmoja, akaiweka chupa mezani, na kifuniko pembeni yake.

"Haya."

Alifungua kama mtu anavyomfungulia jirani. Kisha akaenda kukoga, na mlango wa bafu ukafungwa.

Mwandishi alitengeneza vikombe viwili. Alipomaliza alisimama kidogo akilisikiliza bomba. Akaikumbatia chupa kwapani, akakiweka kifuniko mahali pake, akakikaza kwa mkono wa kushoto, ule mzima, kwa nguvu zote alizokuwa nazo, ili kesho awe na sababu ya kumwita.