Utepe wa Rangi Tatu

Kaya ya thelathini ndiyo ilikuwa ya mwisho, na nilipoona mbwa wao amefungwa kwenye nguzo nilimshukuru Mungu kwa sauti. Siku kumi na moja nilikuwa nimezunguka kijiji kile, kishikwambi mkononi na begi mgongoni, ndani ya viatu vilivyonitoa malengelenge, nikiuliza watu wanalima nini, wanauza nini, wanachota maji wapi, na choo chao kina mlango au hakina. Mdadisi analipwa kuuliza mambo ambayo ukimuuliza jirani yako atakutoa mbio. Subira sina nyingi, nakiri, lakini miguu ninayo, na msimamizi wetu anapenda watu wenye miguu.

Mwenye nyumba alikuwa fundi baiskeli. Nilimkuta uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, gurudumu limelala kando, mpira wa ndani ameuzamisha kwenye karai la maji anatafuta tundu. Akanikaribisha vizuri, akanisogezea kigoda, akafuta mikono kwenye suruali ambayo ilishakata tamaa ya kuwa safi. Nikamsomea maelezo ya ridhaa: ni hiari, ni siri, swali lolote anaweza kulikataa. Akasema yeye hana siri, labda mkewe.

"Mkuu wa kaya ni nani?" nikauliza.

Akatazama njia ya shambani, kisha akatazama nyuma yake. "Andika mimi. Ila mama watoto asione."

"Watoto mnao wangapi hapa nyumbani?"

"Wawili," akasema, haraka kidogo. "Wakubwa. Wako shule."

Nikaandika wawili, na roho ikatulia. Kila mtoto wa chini ya miaka mitano ilikuwa lazima aandikwe, na mzazi akiridhia nimzungushie mkononi utepe mwembamba wa plastiki wenye rangi tatu. Ukisoma kijani, mtoto ana afya. Njano, afuatiliwe. Nyekundu, apelekwe zahanati siku hiyohiyo. Wiki ile nilikuwa nimekutana na nyekundu mbili, na mama wa yule wa pili alinishika mkono akaniuliza kama utepe wangu si mbovu. Nilimjibu vibaya. Hasira haikuwa yake, ila ni yeye aliyeipokea, na usiku wote nilijichukia. Kwa hiyo kaya yenye watoto wa shule pekee niliiona kama zawadi.

Tukaenda vizuri. Mna jokofu? Tuna mtungi. Mna gari? Ninayo mengi, ya watu, yana magurudumu mawiliwili. Kuku wangapi? Kumi na watano. Nilicheka zaidi ya inavyotakiwa kazini, na hata malengelenge yalikuwa kama yamepoa.

Halafu tukafika kwenye vyandarua. Hapo kishikwambi hakikuruhusu kuendelea mpaka nitaje kila chandarua na nani alilala ndani yake jana usiku.

"Kimoja walilala wale wakubwa," akasema fundi, macho yake kwenye mapovu. "Cha pili mimi, mama watoto na kadogo."

Mapovu yakaendelea kutoka.

"Kadogo yupi?"

"Paka," akasema.

"Paka mnamlaza ndani ya chandarua?"

"Mbu wanamsumbua sana."

Nikaweka kishikwambi mapajani. "Fundi, nimetembea siku kumi na moja. Nimedanganywa na watu wanaojua kudanganya. Wewe hujui."

Akautoa mpira majini, akaliziba tundu kwa kidole gumba kana kwamba ndilo lililomponza. "Mama, nilimwambia mke wangu sitaweza. Nikamwambia nitaharibu tu." Kisha akanieleza, kwa sauti ya chini, ingawa tulikuwa wawili na mbwa. Kadogo ni binti yao wa mwisho, ana mwaka mmoja na miezi kumi. Masika yaliyopita aliharisha mpaka akabaki macho tu. Zahanati wakampima, utepe ukasema nyekundu. Akapewa pakiti za lishe za wiki nane, akazimaliza zote, wakaambiwa wamrudishe baada ya mwezi apimwe tena.

"Na mlimrudisha?"

"Huu ni mwezi wa nne tangu watuambie. Kila siku ya kliniki mama yake anamwogesha, anamvika, anafika njia panda, anarudi. Na tangu asikie mnapita na utepe anashinda naye shambani."

Damu ilianza kunichemka. "Sasa anaogopa nini? Kama mtoto ana tatizo si ndiyo—"

"Tulizika mmoja kabla ya huyu," akasema fundi. "Naye walianza kwa kumpima."

Nikafunga mdomo. Wanaonijua watakwambia hilo si jambo la kila siku.

Mkewe alitokea kabla sijapata la kusema, jembe begani, mtoto mgongoni ndani ya kitenge. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomfikiria. Aliona begi langu, akaona ncha ya utepe inaning'inia mfukoni, akasimama palepale. Hata hivyo hakuacha adabu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba watoto," akasema bila kumtazama mumewe.

"Ni vyandarua," akasema fundi. "Wana swali la vyandarua, mke wangu. Hukuniambia kama kuna swali la vyandarua."

Akanigeukia. "Umekuja kumpima."

"Nimekuja kuuliza maswali. Kupima ni mpaka ukubali. Ukikataa naandika amekataa, naondoka, na hakuna atakayekufuata hapa."

"Na ukimpima, ukaona, utaniambia?"

"Lazima nikwambie."

Akatua jembe, akaliegemeza ukutani taratibu, kama mtu anayevuta muda. "Nikimwangalia namwona amejaa," akasema. "Halafu najiambia, hata yule mwingine nilikuwa namwona hivihivi."

Mtu mwingine angekuwa na maneno matamu. Mimi nilisema nililokuwa nalo. "Utepe huu nauogopa kama wewe. Wiki hii umenipa nyekundu mbili, na sikulala. Lakini huyo mgongoni kama ana shida, anayo hata nisipompima. Na kama hana, unajitesa bure."

Akafungua fundo la kitenge.

Kadogo alishuka akiwa na majivu puani na kizibo cha chupa kiganjani, akanikagua kutoka chini kwenda juu kama ofisa forodha. Mama yake akamkabidhi kwa baba, akatuacha, akaenda kusimama akiutazama ukuta wa jiko, paji la uso limegusa udongo. Fundi akampakata mtoto na kufumba macho. Kwa hiyo aliyebaki akiangalia ni mimi na kadogo tu.

Tunapima mkono wa kushoto. Unatafuta katikati ya bega na kiwiko, unatia alama ya kalamu, unaacha mkono uning'inie, unapitisha utepe kwenye tundu lake na kuuvuta, usikaze, usilegeze. Nimefanya hivyo mara nyingi mno, lakini siku hiyo alama niliifuta na kuitia mara mbili. Mtoto akautaka utepe aule. Nikamnyang'anya, nikaanza upya, nikasoma.

Sentimita kumi na tatu na pointi moja.

"Kijani," nikasema.

Hakuna aliyetikisika.

"Kijani, jamani. Tena si ya kubahatisha."

"Rudia," ikasema sauti kutoka ukutani.

Nikarudia. Ileile.

"Na mkono mwingine."

Kanuni inasema kushoto tu. Nikapima na wa kulia. Hapo ndipo alipokuja, akachuchumaa, akaniomba utepe, akapitisha kidole juu ya rangi polepole.

"Alifika hapa?"

"Hapo hapo."

"Na njano inaanzia wapi?"

Nikamwonyesha. Akaweka kidole kimoja huku na kingine kule, akaitazama ile nafasi ndogo iliyokuwa katikati. "Ni mbali," akasema.

"Ni mbali," nikamwitikia. Sikumbuki kazi yoyote iliyowahi kunipa furaha ile. Ningeweza kuzunguka kaya nyingine thelathini jioni hiyohiyo, na viatu hivyohivyo. Fundi alicheka peke yake, akajifuta uso kwa mkono wenye grisi, akabaki na mistari miwili myeusi shavuni, na hakuna aliyemwambia.

"Haya, uliza maswali yako yote," mkewe akasema, akaketi mkekani na kuegemea ukuta, mtoto mapajani. "Huyu atakuwa amekudanganya mengi."

Nikamwandika kadogo mahali pake. Tukarekebisha kuku, wakawa tisa, maana fundi alikuwa amehesabu na wa jirani. Ikabaki sehemu ya mwisho, ya kazi za mwanamke, ambayo anaijibu mwenyewe tu. "Maji unachota mara ngapi kwa siku?" nikamuuliza.

Hakujibu. Nikainua macho. Kichwa kilikuwa kimeanguka upande mmoja na mdomo umefunguka kidogo. Nilishtuka nikidhani amezimia, nikainuka. Fundi akaja, akainama karibu na uso wake, akasikiliza.

"Amelala," akaninong'oneza. Akamtoa mtoto mapajani mwake kwa uangalifu kama anayeiba. "Usiku anaamka kila mara kusikiliza kama mtoto anapumua. Mwaka wa pili huu, sijawahi kumwona akilala mbele yangu."

Simu ikatetemeka. Nikapokea, alikuwa msimamizi: gari liko barabarani, kumebaki nini?

"Maji," nikasema kwa sauti ya chini.

"Si umuulize, mmalize?"

"Amelala. Nasubiri aamke."

Akaanza kufoka, nikakata simu. Nikavua viatu, nikanyoosha miguu kwenye vumbi. Fundi akamkalisha kadogo kando ya karai, akabandika kiraka kwenye tundu, akapachika mpira ndani ya gurudumu, akachukua pampu yake ya kelele. Akamtazama mkewe, akaitazama pampu, kisha akailaza chini bila kuipiga.