Glavu ya Lonzo

Mji wetu wa Pell Creek unaishi kwa glavu. Wanaume wanakata ngozi, wanawake tunashona, na hata mchungaji wetu anahubiri amezivaa. Sasa mtu anieleze kwa nini, mwaka ule wa 1886, mwanamume aliyevaa glavu uwanjani alihesabiwa kuwa si mwanamume.

Mume wangu Alonzo alikuwa mdakaji wa timu yetu ya besiboli, timu ya kulipwa, si mchezo wa kupoteza muda. Mdakaji husimama nyuma ya mpigaji, na kila mpira unaolikosa gongo unamfikia yeye, audake kwa mikono mitupu. Kuanzia Mei hadi Septemba alivunjika vidole vinne. Daktari akasema kimoja kingine kikivunjika, atakikata. Na Lonzo hana kazi nyingine anayoijua, wala anayoipenda.

Nikamshonea glavu ya ngozi ya kulungu, kiganjani nikashindilia sufu.

"Lovina, watanicheka," alisema.

"Wacheke. Vidole ni vyako, si vyao."

"Na baba yako ndiye atakayeanza."

Hapo alisema kweli. Baba yangu, Philetus Crandall, ndiye mkataji hodari kuliko wote mjini, na mdomo wake ni mkali kuliko kisu chake. Hakunisamehe kuolewa na mtu anayelipwa kwa kucheza. Hata mkono hakuwahi kumpa.

Basi nikatangaza kwamba bila glavu hakuna pai ya maboga hadi Krismasi. Lonzo akaivaa.

Ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu, Oktoba, sisi na timu ya Oswick, na mshindi angechukua bendera ya ubingwa. Ilikuwa Ijumaa, siku ya wanawake kuingia bure, kwa hiyo washonaji wote tulijaa pale. Lonzo alipotokea, jukwaa zima likalipuka.

"Bi harusi, shela umeliacha wapi?"

"Lonzo, dansi ni saa ngapi?"

Kisha Baba, kutoka safu ya mbele: "Mwacheni jamani, mkwe wangu anaogopa kuchubuka!"

Nikaona masikio ya Lonzo yamekuwa mekundu. Akaanza kuivua ile glavu. Damu ikanichemka, nikasimama juu ya benchi.

"Baba! Hebu inua mikono yako watu waione!"

Akainua bila kufikiri. Alikuwa amevaa glavu za kahawia nilizomshonea mwenyewe. Kulikuwa na baridi kali, na kila mwanamume pale jukwaani alikuwa na glavu mikononi. Wanawake tukacheka hadi machozi.

"Hizi ni za baridi!" Baba akafoka.

"Na ile ni ya mpira mgumu kama jiwe! Wewe shuka ukadake mpira mmoja, mmoja tu!"

Hakushuka. Lonzo akaikaza tena glavu yake.

Tukafika mwisho tunaongoza kwa pointi moja, Oswick wamebakiwa na mpigaji mmoja, jitu lenye shingo ya fahali. Mpira ukaligusa gongo kidogo, ukageuka, ukamfuata Lonzo kwa kishindo. Tulikuwa tunasubiri yowe lake, maana tumelizoea tangu Mei.

Halikuja. Lonzo akafungua kiganja, na mpira ulikuwa ndani.

"Nje!" akapaza sauti mwamuzi, maana mpira ukidakwa kabla haujagusa chini, mpigaji ametolewa. Bendera ikawa yetu.

Watu wakamiminika uwanjani. Baba akapenya katikati yao, akamvua Lonzo ile glavu, akaigeuza nje ndani.

"Nani kashona gumba hili?"

"Mimi, Baba."

"Limekaa upande. Ungekuwa chini yangu, ningekufukuza." Akachomoa utepe wa kupimia ambao haukosekani mfukoni mwake. "We, lete mkono. Nitakata nyingine."

Akapima gumba. Akapima kidole cha pili. Cha tatu kilikuwa kimepinda mara mbili. Akakipima, akakipima tena, kisha utepe ukatulia.

"Yote haya ni msimu mmoja?" akauliza.

"Mmoja, mzee."

Baba akavua zile glavu zake za kahawia. Akamvisha Lonzo mwenyewe, kidole kimoja kimoja, polepole.

"Kuna baridi," alisema.

Akaenda zake nyumbani, mikono mitupu kaikumbatia kwapani.